Friji Isiyopenda Mlima

Friji ya shemeji haina kelele, na kila mgeni huambiwa hivyo kabla hajaketi. Imo ndani ya gari la kulala alilonunua kwa wazungu waliokuwa wakirudi kwao.

Haina kelele kwa sababu haina kompresa. Waswidi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliibuni mwaka 1922 wakiwa wanafunzi Stockholm: moto wa gesi huchemsha amonia itoke kwenye maji, mvuke ukapoa ukawa kimiminika, kisha kikanyonya joto la kabati. Yaani unawasha moto upate baridi. Mama wa shemeji alipoelezwa aliuliza kama gari lilikuja na risiti.

Mashine hiyo ina sharti: isimame sawa, maana kimiminika hutiririka kwa uzito wake tu. Nayo Sachangwan, tulikoipeleka, ukishapita Salgaa kwenda Eldoret, ni mlima mtupu. Njiani gesi ilikuwa imefungwa kwa kuogopa moto: Januari 2009 lori la mafuta liliwaka hapa likaua watu zaidi ya mia moja, na hata shemeji, mbishi wa kila jambo, hakubisha.

Tulipoegesha kando kabisa ya barabara, kwa wauza viazi, akatoa pimamaji. Tukaweka jiwe chini ya gurudumu, povu likakimbilia kushoto. Tukaongeza ubao, likahamia kulia. Wauzaji wakaacha wateja waje kutushauri. Mmoja akasema tuuchonge mlima.

Povu lilipotulia, gesi ikagoma. Juu ya mita 2,000 hewa ni nyepesi, na kale kamoto kalisinzia kakazimika. Tukahamia betri. Friji ikaanza kupoa, gari likakataa kuwaka, hadi dereva wa lori alipotugawia umeme kwa nyaya.

Jioni, tukiwa tumevaa sweta juu ya sweta, ndani ya friji kulikuwa na joto kuliko nje. Mama akauliza kwa nini tusiache mlango wazi baridi iingie. Hakuna aliyepata jibu.

Muuza mursik akachungulia, akataka kujua kazi ya kabati lile.

"Inazuia maziwa yasichache," shemeji akasema.

"Ajabu," akajibu, akitikisa kibuyu chake. "Mimi nangoja yachache ndiyo niyauze bei nzuri."

Shemeji akanunua lita mbili, akaziweka kwenye friji.