Kiwanja Karibu na Shule

Dalali wa Kasese, Uganda, ana wimbo mmoja: "Mzee, hapa shule iko mlangoni!" Na bei inapanda kwa kila kengele inayosikika. Mnunuzi anakuna kichwa, anauza mbuzi, anakopa kwenye SACCO, anajenga. Muhula wa kwanza ukifika, mtoto anafungiwa godoro na sanduku la bati, anapandishwa basi kwenda bweni Mbarara au Wakiso. Kengele aliyoinunua kwa bei ghali inawaamsha watoto wa jirani mpangaji.

Kichekesho ni kwamba Uganda haigawi nafasi za sekondari kwa anwani. Shule zinaangalia matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi: masomo manne, jumla ya alama iliyo bora kabisa ni 4. Hakuna anayeuliza jiko lenu linatazama wapi.

Asiye na kitu naye anaelekezwa kiwanja cha bei poa, tambarare, penye upepo mwanana. Dalali hataji kwamba jirani ni Nyamwamba, mto ulioingia hadi Hospitali ya Kilembe Mei 2013, ukarudi tena Mei 2020. Ukimbana, anatabasamu: "Lakini Mzee, maji hamtakosa."