Machicha Yaliyokataa Kuchuruza

Ilikuwa saa nane mchana. Ndoo ilikuwa imejaa hadi mdomoni, lakini koki ya chini haikutoa hata tone. Mke wangu alikuwa amepiga magoti sakafuni akiipuliza ile koki kwa mdomo. Mama yangu, ambaye nyumba nzima humwita Shosho, alikuwa ameketi mlangoni na mwiko mapajani, kimya. Ndani ya ndoo mlikuwa na kilo tano za kimea cha shayiri na lita 13 za maji moto, na vyote pamoja vilikuwa vimegeuka gundi.

Binti yetu alikuwa aletewe ruracio, yaani mahari, baada ya wiki nane. Muratina, pombe yetu ya jadi, ingetengenezwa na wazee, kwa asali na tunda la muratina lililokaushwa, kama ilivyo ada yetu, na hilo sikuligusa. Mimi nilitaka kuwapa wakwe zetu kitu kimoja cha ziada kilichotoka mikononi mwetu: bia ya shayiri. Shemeji yangu hulima shayiri Mau Narok. Alituletea gunia moja, tukailoweka, tukaiotesha kwenye sakafu ya stoo chini ya magunia yaliyolowa, watoto wakiigeuza asubuhi na jioni. Stoo nzima ilinuka tango bichi. Mizizi ilipochomoza tukaianika juani juu ya mabati mpaka ikawa inavunjika menoni.

Kosa la kwanza lilifanyika kwenye mashine ya kusaga. Msagaji alifanya kazi anayoijua, akanipa unga, laini kama wa ugali. Sikuwa nimeelewa kwamba katika kazi hii ganda la shayiri ndilo chujio lenyewe. Punje inatakiwa ipasuke tu, moyo wake mweupe utoke, ganda libaki zima. Maganda hayo yakitulia chini ya ndoo hulaliana kama majani makavu, na maji matamu hutafuta njia katikati yake. Yakisagwa, njia zote zimezibwa.

Ndipo mjomba alipoingia. Mjomba alifanya kazi miaka mingi kwenye machimbo ya udongo mweupe hapa Kariandusi, yale yaliyo jirani na makumbusho ya shoka za mawe alikochimba Louis Leakey. Udongo ule si chokaa, ingawa wageni hudhani hivyo. Ni mabaki ya viumbe vidogo vya majini, dayatomu, vilivyoishi katika ziwa la kale lililojaza bonde hili kabla Ziwa Elementaita halijapungua kuwa lilivyo leo. Kila kigamba kina matundu yasiyoonekana kwa macho, na kwa sababu hiyo viwanda vya bia duniani huutumia kuchujia. Mjomba alilijua hilo. Alikuja na debe zima begani, akasema, "Mpwa wangu, dawa ya bia tumekuwa tukiikanyaga kwa miguu miaka yote hii."

Tulimwaga nusu debe ndani ya ndoo.

Vumbi lilijaa jikoni. Watoto wakakohoa, sufuria zikawa nyeupe, nyusi za mke wangu zikawa za mzee. Shosho alisimama kwa mara ya kwanza siku ile, akawatoa wajukuu nje na kufungua madirisha, na alikuwa na haki ya kukasirika, maana vumbi la aina ile si la kuvuta kifuani. Ndani ya ndoo, ile gundi sasa ikawa saruji. Baadaye nilielewa kwamba udongo wa kiwandani huchomwa kwanza kwenye tanuri na kusafishwa, kisha hutumika mwisho kabisa, kung'arisha bia iliyokwisha kuiva. Haukuumbwa kuokoa kimea kilichoziba. Tulimimina yote shimoni, na hata ng'ombe hakuonjeshwa.

Jaribio la pili tuliponda kimea nyumbani kwa mashine ya mkono, ile ya kuparaza mahindi ya kuku, tukiwa tumelegeza meno yake. Nilikaa na konzi moja ya punje mwangani kwa muda mrefu, nikizitazama. Ganda lilikuwa limefunguka ubavuni kama ganda la njugu, na vipande vya ndani vilitofautiana, vingine kama chumvi ya mawe, vingine kama mchanga. Sura hiyo ndiyo inayotakiwa, na sijaisahau.

Safari hii nilinunua pia kipimajoto kwenye duka la dawa za mifugo Gilgil. Kanuni niliyokuwa nikiifuata ilisema uchanganye sehemu mbili za maji yanayochemka na moja ya maji baridi, upate nyuzi 72 au 73, ili kimea kikishaingia mchanganyiko utulie kwenye 65. Nilipotumbukiza kipimajoto katika sufuria inayotokota, kilisimama kwenye 94. Tunaishi karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka mapema. Kanuni ya watu wa pwani ingetuacha na nyuzi 62, na ndoo ya plastiki isiyofungwa blanketi ingezipunguza zaidi kabla saa moja haijaisha. Chini ya 60 wanga wa shayiri haulainiki vizuri, wala hauwi sukari yote. Basi tukapasha maji mpaka kipimajoto chenyewe kiseme, tukaifunga ndoo kwa blanketi mbili. Baada ya saa moja nilidondosha iodini ya vidonda kwenye tone la maji ya kimea juu ya sahani nyeupe. Haikugeuka nyeusi. Wanga ulikuwa umekwisha.

Koki ilipofunguliwa, ilichuruza. Mke wangu alipiga vigelegele, na nilistahimili kwa shida nisilie.

Lakini machicha hubaki na sukari nyingi, kwa hiyo huoshwa tena kwa maji moto. Nikayaosha kwa maji ya kisima, nikaendelea kuyaosha mpaka maji yakatoka mepesi kama ya kuoshea vyombo, nikidhani kuacha ni uvivu. Wiki mbili baadaye bia ilikuwa na ukakasi wa ndizi mbichi. Aliyenieleza sababu ni jirani yetu, mama kutoka Kakamega anayejua busaa tangu utotoni, na anayejua kwa ncha ya kidole wakati kimea cha wimbi kimeshalegeza uji. Alionja, akatema, akasema, "Mwanangu, umeosha sukari ikaisha, ukaanza kuosha ngozi."

Na maji yenyewe yalichangia. Visima vya upande wetu vina magadi na floraidi. Watoto wengi hapa wana meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi hiyo. Maji ya magadi huyatoa maganda ukakasi wote yaliyo nao. Kuyachemsha hakusaidii, kama ambavyo kungesaidia kama yangekuwa na chokaa.

Kwa hiyo jaribio la tatu tulitumia maji ya mvua kutoka tangini, tukayakamulia ndimu kidogo. Jagi tatu za kwanza zilizotoka na chembechembe tulizirudisha juu, taratibu, tukizimimina juu ya sahani iliyopinduliwa ili kitanda cha maganda kisichimbike. Kisha tukaosha mara mbili tu, lita saba saba, kwa nyuzi 75. Mke wangu ndiye aliyeshika koki, akiionja kila baada ya muda. Niliomba aongeze jagi moja zaidi. Akakataa, akaifunga.

Shosho aliomba apewe maji ya kwanza ya kimea, kabla hayajachemshwa wala kutiwa hamira. Aliinua glasi dirishani. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na kupitia kwayo niliweza kuona ukingo mweupe wa machimbo ng'ambo ya barabara. Alikunywa nusu, akampa binti yetu iliyobaki, kisha akachukua mwenyewe karai la machicha na kumpelekea ng'ombe.