Maharamia wa Ghorofa ya Kumi na Moja

Kwa Ami yangu mpenzi, na kwa jamaa wote wa barazani, Mji wa Kale, Mombasa.

 Baada ya kukuombeeni afya, riziki na mvua ya wastani, nakuarifuni kwamba mimi huku Minneapolis ni mzima wa afya, isipokuwa masikio, ambayo kwa nionavyo hayakuumbwa kwa ajili ya nchi hii, kwani mtu akitoka nje bila kofia katika mwezi wa Januari hana budi kuyashika kwa mikono miwili ili apate yakini kwamba yangali kichwani. Barua yako, Ami, imenifikia, ile uliyouliza kama ni kweli nilivyomwandikia mama kuwa watu wa hapa huendesha magari juu ya ziwa lililoganda, wakatoboa barafu kwa keekee, wakaketi juu ya viti wakivua samaki. Nami nakuapia kwamba ni kweli tupu, wala si mzaha. Naona si insafu hata kidogo kwa wazee wenye hekima kuyatilia shaka maneno ya mtoto waliyemlea wenyewe, ilhali sinema yoyote ikiandikwa mwanzoni kwamba imetokana na mambo yaliyotokea kweli, huipokea yote kama ilivyo, nyama na miba.

Na kwa kuwa sinema nimekwisha kuitaja, ndiyo hasa iliyonishikisha kalamu. Jirani yangu wa ghorofa ya kumi na moja, Msomali aendeshaye teksi, mtu karimu ambaye mlango wake haujui kufungwa, alinialika usiku wa Jumamosi, theluji ikianguka bila ya haya, nikatazame pamoja na ahli zake filamu iitwayo Captain Phillips, iliyoongozwa na Paul Greengrass na kutolewa mwaka 2013, ambamo Tom Hanks amekuwa ndiye Richard Phillips, nahodha wa merikebu ya Kimarekani Maersk Alabama, iliyovamiwa na vijana wanne wa Kisomali tarehe 8 Aprili 2009 ilipokuwa safarini kutoka Salalah, kwa njia ya Djibouti, kuja bandari yetu ya Mombasa. Wenyeji wangu walikuwa wamekwisha kuiona mara nyingi, lakini kila wakiitazama huitazama kwa hamaki mpya, kama watu wenye kesi ambayo rufani yake haijasikizwa.

Yapasa mfahamu kwamba mtaa wetu, Cedar-Riverside, wenye majumba marefu karibu na mto Mississippi, una Wasomali kiasi cha kwamba mgeni akishuka hapo asubuhi, akasikia adhana ya simu mifukoni na kunusa harufu ya hiliki vibarazani, hudhani ndege ndiyo iliyokosea njia. Na ni katika mtaa huu huu ndipo watu wa sinema walipokuja kuwatafuta maharamia wao. Waliwaita watu waje kujaribiwa katika jumba la jumuiya, wakaja zaidi ya 700, na katika hao wakachaguliwa wanne, Barkhad Abdi, Barkhad Abdirahman, Faysal Ahmed na Mahat Ali. Hesabu ya hao 700 mimi siitilii shaka hata chembe, kwani sijapata kukutana na mwanamume wa mtaa huu mwenye umri wao asiyedai kwamba nafasi ile ilimponyoka kwa nukta moja tu, ama kwa sababu ya unene, ama kwa sababu ya husuda za watu. Barkhad Abdi mwenyewe, aliyezaliwa Mogadishu akakulia Yemen, na ambaye kabla ya hapo alipata kuwa dereva na muuza simu, amesimulia kwamba alikuwa hajui kuogelea, ikabidi afunzwe kwanza ndipo awe haramia. Wavuvi wa Kizingitini wakisikia hayo, tafadhali, Ami, wazuie wasicheke mno, kwa sababu kijana huyo baadaye alitajwa miongoni mwa waliowania tuzo ya Oscar, na huko Uingereza akapewa ile ya BAFTA mkononi, jambo ambalo halijamfika mvuvi yeyote nimjuaye.

Sasa mniwie radhi nitoe rai yangu, rai ya mtu asiyesomea sinema wala asiyejua kamera huwekwa wapi, ila mwenye macho mawili na aliyelelewa kando ya bahari hiyo hiyo. Kwa upande wa kutia khofu, filamu hii haina mfano wake katika nilizoziona. Mimi nilijua tangu hapo mwisho wake utakuwaje, kwani habari zile zilienea dunia nzima, na nahodha huyo alikwisha kuandika kitabu, na maiti hawaandiki vitabu. Juu ya hayo yote, mashua mbili ndogo zilipoonekana kwa mbali katika kioo cha rada, vidoa viwili tu vinavyosogea, niliona chai imepoa mkononi mwangu na sambusa imevunjika bila kuliwa. Nahodha akashika redio, akabadilisha sauti yake, akajijibu mwenyewe kana kwamba yeye ndiye manowari iliyo karibu na ndege zake zi njiani, na mashua moja ikaogopa ikageuka. Hapo ukumbi mzima wa jirani yangu ukamshangilia Mmarekani kwa ujanja wake, kisha siku ya pili mashua iliyobaki iliporudi na ngazi yake ya chuma, ikapenya katikati ya mipira ya maji yaliyokuwa yakirushwa kwa nguvu, ukumbi ule ule ukawashangilia vijana kwa ushujaa wao, bila ya mtu hata mmoja kuona tatizo lolote katika hilo.

Wanasema kwamba Greengrass aliwatenga makusudi waigizaji hao wanne na Tom Hanks, wasionane wala kuamkiana, mpaka siku ile walipoingia kwa kishindo katika chumba cha usukani na bunduki zao. Na mimi naamini, kwani mshituko ulio usoni mwa Hanks hapo si wa kuigiza. Katika chumba hicho ndimo Barkhad Abdi alimotamka yale maneno mashuhuri ya kumjulisha nahodha kwamba unahodha umekwisha kuhamia kwake, maneno ambayo inasemekana hayakuwamo katika maandishi bali yalimtoka papo kwa papo. Jirani yangu huyasikia kwa kusaga meno. Abiria wake, asema, wakiketi tu kiti cha nyuma wakajua kwamba dereva ni Msomali, basi safari haiishi bila mmoja wao kumnong'oneza maneno hayo na kungoja acheke. Naye ni mtu wa kilo mia na ushei, mwenye kuugua bahari hata katika feri, ambaye haramia wa aina yoyote angemkataa kwa kuihurumia mashua.

Lakini aliyenifurahisha zaidi ya filamu yenyewe ni mama yake jirani, bibi wa Kismayu ambaye Kiswahili chake ni cha Kibajuni safi, aliyekaa juu ya mkeka akakataa kochi, na ambaye hakuwa na haja ya mwongozaji, kwa kuwa aliiongoza filamu mwenyewe. "Kijana mwembamba hivi nani alomtuma baharini?" aliuliza tangu mashua haijatiwa majini. Walipoanza kutafuna mirungi alihesabu vichane, na mirungi ilipowaishia ndani ya ile mashua ya kujiokolea, iliyofunikwa pande zote na yenye joto la tanuri, akatangaza kwamba sasa ndipo watakapopigana wenyewe kwa wenyewe, nao wakapigana. Zilipofika manowari, kwanza Bainbridge na baadaye nyinginezo, na mashua ile ya rangi ya chungwa ikaonekana baina yake ndogo mno, bibi akaacha kutoa amri. Kisha zikatoka risasi tatu kwa pamoja gizani, vijana watatu wakafa, na nahodha akachukuliwa kwa mhudumu wa tiba wa manowari, ambaye katika sinema hakuwa mwigizaji bali mtu wa kazi hiyo kwelikweli, akamwuliza maswali ya kawaida, anaumwa wapi, anaweza kunena au hawezi, naye akashindwa kujibu kwa kutetemeka na kulia. Nikamtazama bibi, nikamwona analia, nikataka kujua anamlilia nani katika hao. Akanijibu kwa ukali kwamba wote wana mama, na kwamba nipishe aone.

Hapa ndipo penye sifa kubwa ya filamu hii, na hapa pia ndipo penye kasoro yake. Ni kweli kwamba inamwacha kijana kiongozi, Muse, aseme yake, kwamba merikebu za kigeni ziliwavulia samaki wao zikawamaliza, na nahodha amwambiapo kwamba haikosi pana kazi nyingine duniani baina ya uvuvi na utekaji, humjibu kwamba labda huko Marekani. Lakini kweli yenyewe ni pana kuliko mashua ile. Mabaharia walikuwa 20, na injinia mkuu, Mike Perry, ndiye aliyemvizia Muse katika giza la chumba cha mitambo akamkamata, kisa ambacho kingetosha filamu nyingine nzima. Na baadhi yao baadaye waliwashitaki wenye merikebu, wakidai kwamba maonyo ya kukaa mbali na pwani ya Somalia yalikuwa yamefika na hayakufuatwa. Katika sinema maonyo hayo nahodha huyasoma kwa uso wa wasiwasi, na mtazamaji humhesabia kuwa ni mwenye hadhari. Mimi si kadhi, sikuwapo, wala simtuhumu mtu. Ila nasema kwamba filamu inayodai ukweli ikimpa mtu mmoja ushujaa wote na kuwaachia wengine kazi ya kujificha, imekata kitambaa kwa kipimo cha mtu mmoja.

Na Muse je? Sinema humwacha katika pingu, akiambiwa atapelekwa Marekani. Baba na mama yake walisema kwamba ni mtoto bado. Mahakama ya New York haikukubali, ikaamua ashitakiwe kama mtu mzima, naye akakiri, na mwezi wa Februari 2011 akahukumiwa kifungo cha miaka 33 na miezi tisa. Jirani yangu na wageni wake walibishana juu ya umri huo mpaka saa nane za usiku, kila mmoja akimjua mtu amjuaye mtu aliyesoma naye chuoni.

Ama kasoro iliyoniuma mimi hasa, nayo naomba isichukuliwe kuwa ni kiburi cha Mombasa, ingawa ndicho, ni hii: nilikaa saa mbili na zaidi nikiingoja Mombasa. Tangu mwanzo jina letu latajwa, merikebu inakuja kwetu, makontena yake ni ya kwetu, na katika shehena ile ya tani 17,000 mlikuwa na tani 5,000 za misaada, zikienda Kenya, Uganda na huko huko Somalia walikotoka vijana waliokuja kuiteka. Nikasema moyoni, sasa nitaiona Ngome, sasa nitaona mlango wa Kilindini, hata winchi moja tu ingenitosha. Nisipate hata mnazi. Bahari yenyewe waliyoipiga picha ni ya Malta! Na kumbe merikebu ya kweli ilifika. Jioni ya tarehe 11 Aprili 2009, nahodha wake angali mateka ndani ya mashua, Maersk Alabama ilifunga gati Kilindini ikiwa na askari wenye silaha juu yake, waandishi wa habari wamejazana bandarini, na mabaharia wasiruhusiwe kushuka kwa sababu ya upelelezi, wakawa wakiwapigia kelele waandishi kutoka juu. Kesho yake, Jumapili ya Pasaka, ndipo nahodha alipookolewa. Usiku huo mmoja wa watu waliookoka bila ya mkubwa wao, katika bandari ya ugenini, mbele ya makuli waliokuja kazini kama siku zote, haumo katika filamu hata kwa sekunde moja.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba itazameni, tena msiitazame peke yenu, na mkipata bibi wa Kibajuni wa kukaa naye ndiyo bora zaidi. Khofu yake ni ya kweli, lakini kweli yake ni nusu.

Na wewe, Ami, mwaka ule ulikuwa ungali karani bandarini, na najua kwamba jioni ile hukuwa barazani, kwa sababu mama alilalamika kwamba muhogo ulilala. Niandikie ulichokiona. Merikebu ilifunga gati gani? Mabaharia wale walisema nini, na nani aliwapelekea chai? Magunia yale yalipakuliwa na genge la nani, na yalipandishwa malori ya kwenda wapi? Nataka nimsomee bibi wa ghorofa ya kumi na moja, ambaye amekwisha kuniuliza mara mbili na mimi sina jawabu. Niandikie kwa wino, usinipigie simu, maana katika simu jamaa wa barazani hudakia maneno na habari ikaharibika.

Wasalaam,
Mwanao, Minneapolis.