Chaneli Tatu Haina Mtu

Jengo letu hapa Kariakoo kila mpangaji ana ruta yake. Fungua simu utafute waifai: orodha inashuka mpaka kidole kinachoka. Yupo aliyeiita yake "Usiibe", mwingine "Lipa Kodi Kwanza". Kubuni majina tunajua sana. Kupanga chaneli, hakuna anayejishughulisha.

Jioni mechi ikianza, picha inaganda mshambuliaji akiwa hewani, mguu juu. Kila mlango unasikia mtu anailaani kampuni ya intaneti. Kumbe tunarogana wenyewe kwa wenyewe.

Masafa ya gigahezi 2.4 ambayo waifai zetu hutumia yana chaneli 13. Ukisikia 13 unadhani nafasi ipo tele. Thubutu! Kutoka chaneli moja hadi inayofuata ni megahezi 5 tu, na waifai moja hujitandaza megahezi 20 hivi. Kwa hiyo zinalaliana. Tunazoweza kutumia bila kukanyagana ni tatu: 1, 6 na 11. Jengo zima!

Sasa yuko Baba Hamisi wa mlango wa pili. Kaona 1 na 6 zimejaa, akajipachika 3. Nikamfuata.

"Shikamoo mzee. Hiyo chaneli yako inatuumiza."

"Marahaba mwanangu. Inawaumiza vipi? Tatu haina mtu!"

Haina mtu, ndiyo, na ina sababu. Ruta zilizo kwenye chaneli moja husikilizana. Kabla ya kutuma pakiti ya data, kila moja hutega sikio. Ikikuta mwenzake anasema, hunyamaza, kisha hungoja kitambo cha kubahatisha ndipo nayo iseme. Mnapunjana, lakini kila mtu anapata chake. Wa 3 hasomeki na wa 1 wala wa 6. Kwao ni makelele tu. Pakiti zinaharibika, zinatumwa upya, foleni inarefuka. Ni daladala lililoegeshwa likaziba njia mbili, na dereva anajisifu kapata nafasi.

Kusema bila kusikilizana si jambo jipya. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwani kwa redio, mtandao ukaitwa ALOHAnet. Ukiwa na pakiti unatuma, bila kusikiliza nani anasema. Usipojibiwa, unasubiri kidogo unarudia. Hesabu ikaonyesha kwamba kwa mtindo huo chaneli haiwezi kufanya kazi ya maana zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Ruta zimeshajifunza adabu tangu hapo. Wapangaji bado tuko Hawaii ya 1971.

Ndugu zangu, ingieni kwenye mipangilio ya ruta, chagueni 1, 6 au 11. Upana wa megahezi 40 uacheni, jengo halina nafasi hiyo. Runinga zihamishieni gigahezi 5: chaneli ni nyingi, na ukuta huzipunguza nguvu kabla hazijamfikia jirani. Nawe Baba Hamisi, kwa heshima zote mzee wangu, toka tatu.