Niko Korona

Mke wangu ni mtu wa Bukoba, mimi wa Muheza, na katika miaka kumi na miwili ya ndoa hatukuwahi kugombana kwa sababu ya msamiati mpaka Mei 2020. Alinipigia simu saa nne asubuhi.

"Uko wapi?"

"Niko korona."

Kimya.

"Unasemaje, baba watoto?"

"Niko ndani ya korona na binamu, tumeingia tangu asubuhi, ila huku mtandao..."

Mtandao ukaimalizia sentensi kwa kukatika.

Kwa sisi tuliokulia kwenye mkonge, korona ni kiwanda. Ni mashine, na jengo la mashine, na vibanda vinavyolizunguka. Jina lilikuja na mitambo ya Kijerumani ya kukamua mkonge iliyoitwa Corona, likashika. Ukiuliza baba yuko wapi ukaambiwa yuko korona, maana yake atarudi jioni ananuka majani yaliyochacha. Basi ugonjwa ulipoingia nchini na jina hilohilo, watu wa Tanga tulijisikia kama mtu aliyekuta jirani kampa mbuzi wake jina la baba mkwe.

Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Mwalimu wa historia asiye na wanafunzi ni hatari kwa fedha za nyumbani: nilikwenda Kariakoo nikanunua kamera ya mtumba, pamoja na stendi ya miguu mitatu ambayo mguu mmoja ulikuwa haukazi. Nilikuwa nimeona picha za viwanda vilivyokufa huko Detroit, kutu na vumbi na jua linapenya kwenye paa lililotoboka, watu wanazisifia kama picha za bibi harusi. Nikajiambia, kumbe ni kutu tu? Kutu tunayo.

Na tunayo ya kutosha. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika Pangani ikiwa hai ni 62. Ipo hadithi kwamba ilivushwa kwa siri ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Mimi siiamini, lakini naisimulia darasani kila mwaka kwa sababu ndiyo sehemu pekee wanayoikumbuka kwenye mtihani. Kufikia 1964 tulitoa tani zipatazo 230,000, hakuna nchi duniani iliyotufikia. Halafu kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na korona zikaanza kunyamaza moja baada ya nyingine. Baba yangu huzitaja kwa majina, polepole, kama mtu anayehesabu marehemu wa ukoo.

Niliyoichagua iko kati ya Muheza na Korogwe. Binamu ana bodaboda, akanifikisha huku akiniuliza mara tatu kama nina hakika sina kazi nyingine. Nusu ya paa haikuwepo. Mkuyu ulikuwa umeota juu ya ukuta na kuteremsha mizizi yake mpaka chini, taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Mashine yenyewe ilikuwa imebaki gurudumu na ganda. Visu vyake vya shaba vilishaondoka zamani na watu wa vyuma chakavu. Sakafu ilikuwa imefunikwa na kitu laini cheusi nilichodhani ni vumbi la mbao, mpaka nilipoinua kichwa nikaona popo wananitazama miguu juu, bila aibu yoyote.

Nikarudi nyuma hatua mbili ili picha ishike dari lote. Ya pili haikukuta sakafu.

Hapa inabidi nieleze korona inavyofanya kazi. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge yanayoingia, singa unazopata ni kama kilo nne tu. Zilizobaki ni maji na makapi, na huoshwa kwa maji mengi zipite kwenye mfereji uliojengwa chini ya mashine, mpana, mrefu, na, kama nilivyothibitisha mwenyewe, wenye kina cha kiunoni. Nilisimama humo na kamera juu ya kichwa kama mtu anayevuka mto na mtoto, nikiwa sehemu halali ya zile kilo 96. Hapo ndipo simu ilipoita. Mengine mnayajua.

Binamu alipomaliza kucheka akanivuta. Tulipogeuka, mlangoni alikuwa amesimama mzee mwenye panga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnapima nini?"

"Hatupimi, mzee. Tunapiga picha."

Akatazama ukuta, mkuyu, popo. Akanitazama mimi, tope mpaka kiunoni.

"Harusi iko wapi?"

Nilijaribu. Nilimweleza kuhusu urithi na historia na mwanga wa asubuhi. Alinisikiliza kwa adabu, kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa anayeficha. Mtu mzima atoke Dar es Salaam, alipe nauli, aje apige picha mavi ya popo? Mkoa mzima unajua kwamba Wajerumani walipokimbia mwaka 1916 walifukia rupia zao, na unajua pia kwamba siku moja atakuja mtu na chombo. Kufika saa tano tulikuwa na watazamaji kama thelathini.

Ningeweza kuwashawishi, nadhani, kama si ule mguu wa stendi. Nilisimamisha kamera ikitazama gurudumu la mashine. Mguu ukalegea, na kamera, mbele ya macho ya kijiji, ikainamisha kichwa polepole ikatazama sakafu.

"Imeinama yenyewe!" alisema mama mmoja. Nikaiinua. Ikainama tena, palepale.

Mzee akanivuta pembeni. Hakutaka makuu, alisema, tugawane pasu kwa pasu, yeye ndiye mwenyeji. Alikuja hapa kijana, manamba, na kabla hata sijamuuliza jina akanitajia namba yake ya kazi. Ili nimtoe kwenye rupia nikamwonyesha picha niliyokuwa najivunia kuliko zote: kijidirisha ukutani, mwanga umeingia kwa mshazari, vumbi linaelea. Alikileta kioo karibu na pua. "Hili dirisha la mshahara," akasema. "Kipande kilikuwa siku thelathini. Nilimaliza thelathini, karani akaandika ishirini na saba." Akaiweka kucha ya kidole gumba juu ya ule mwanga mzuri. "Alikuwa anakaa hapa." Kisha akarudi kwenye pasu kwa pasu.

Nilifika nyumbani usiku. Mke wangu hakunisalimu. Alinionyesha kidole, nikasimama barazani, na pale barazani kulikuwa na sufuria la majani ya mwarobaini, mchaichai, mikaratusi na malimau, linafuka, na blanketi. Nikamweleza maana ya korona. Akasema nitaeleza vizuri zaidi nikiwa chini ya blanketi.

Nilikuwa nimeshajifukiza mara ya pili, macho yanatoka machozi, simu ilipoita. Binamu. Sauti yake ilikuwa ya chini, na nyuma yake nilisikia majembe.

"Kaka, tumeshachimba pale miguu mitatu ilipokanyaga. Mzee anauliza, ilisoma futi ngapi?"