Heko kwa UPS ya Msata

Wanaowacheka wenye steshenari wa Msata hawajui ufundi. Pale barabara ya Bagamoyo inapokutana na ile ya Chalinze kwenda Segera, UPS, kile kifaa cha betri cha kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, huchaguliwa kwa mizani ya mkono: iliyo nzito ndiyo yenye nguvu. Hiyo VA 650 ni pambo la boksi, na kwamba wati zake mara nyingi hazifiki 400 ni umbeya wa mafundi.

Basi huchomekwa kompyuta, printa ya leza na, kwa kuwa tundu moja limebaki wazi, birika la umeme la wati 1,500. Kikianza kulia pii-pii, kinashangilia. Kwingine kifaa hiki hutoa dakika chache tu za kuhifadhi kazi na kuzima. Msata kimepandishwa cheo kikawa Bwawa la Nyerere, lile la megawati 2,115, ila la chini ya meza.

Na betri? Ya risasi, volti 12, huchoka baada ya miaka 3 hadi 5, joto la pwani likiihimiza. Kuibadilisha ni kukosa adabu. Mzee hafukuzwi nyumbani.

Taa ya kijani inawaka. Mwenye fomu ndefu ya kujaza mtandaoni aje tu, ila aje umeme ukiwepo.