Kiboko wa Kwenye Kompyuta

Mzazi anayeshinda nyumbani hana udhuru. Kamati ya shule hapa Mpanda, mkoani Katavi, ilipotafuta mtu wa kukaa na darasa la awali siku za kompyuta, macho yote yalinigeukia. Nikawa mlinzi wa kompyuta mpakato moja inayogombewa na darasa zima.

Watoto waliozoea simu za mama zao hawaelewi skrini isiyosikia kidole. Waliipapasa, wakaigonga, wakaisugua, kisha wakahamia kwenye vitufe. Na vidole vya huku asubuhi vina asali. Kwenye misitu ya miombo kama yetu, mkate mkavu ni tabia ya wageni. Kitufe cha A kikanasa. Skrini ikajaa aaaaaaaa, na darasa ambalo wiki nzima lilikuwa limegoma kutamka irabu likaisoma yote kwa pumzi moja. Nilitaka kufuta, mwalimu akanizuia.

"Waache, mzazi. E tutaitafuta kesho."

Kisha akawawekea Akili and Me, katuni ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam. Binti Akili ana miaka minne na mmoja wa marafiki zake ni kiboko mchangamfu. Kwa mtoto wa Masaki, sawa. Mtoto wa Katavi anajua kwamba kiangazi Mto Katuma ukikauka, viboko hurundikana kwenye matope hifadhini kwa mamia, na hakuna anayeimba. Kiboko alipotabasamu, nusu ya darasa ilikuwa mlangoni.

"Huyu ni wa kwenye kompyuta, hatoki!" mwalimu akasema. Wakarudi, isipokuwa kijana mmoja ambaye babu yake analima mpunga kando ya mto.

"Babu kasema usikae kati yake na maji."

Akaangaza darasani, akaiona ndoo ya kunawia mikono kule nyuma, akaiburuta mpaka chini ya meza ya kompyuta. Ndipo akakaa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka mitatu au minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku. Sisi sharti hilo hatulivunji, umeme unatusimamia. Ulikatika katikati ya wimbo, na betri ya mashine yetu ilishachoka zamani. Skrini ikawa nyeusi.

"Kazama!" wakanong'onezana.

Wakagoma kwenda kunywa uji, wakingoja atoe pua. Aliyechukua hatua ni yule wa ndoo peke yake: aliifunika, akaukalia mfuniko.